Lundo Lisivuke Vilele vya Minazi: Shajara ya Tathmini ya Mandhari

3 Februari, Nairobi

Mkataba umetiwa saini, kazi imeanza. Kituo cha taka kinapendekezwa kusini mwa Mombasa, kilomita 2 hivi kutoka ufuoni, juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Jina la kijiji nalihifadhi. Maombi ya leseni bado hayajawasilishwa, na huko bei ya shamba hupanda au kuanguka kwa uvumi tu.

Mteja anataka banda la kupambanulia taka, uwanja wa kutengenezea mboji, mabwawa ya maji machafu yanayochuja kutoka kwenye taka, na selo ya kuzikia mabaki yasiyofaa kurejelezwa. Selo ndiyo itakayozaa lundo. Kwenye michoro, kitako chake ni mita 280 kwa 280, kimo mita 25, na kila ubavu unapanda mita moja kwa kila mita tatu za mlalo.

Hitaji lenyewe silipingi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kurejelezea taka, na yeyote aliyewahi kuingia Mombasa kwa basi enzi za jaa la Kibarani anajua taka zisizo na mahali pake hufanya nini. Mji wenye Fort Jesus ulikuwa ukimkaribisha mgeni kwa moshi na kunguru kabla hajafika Makupa. Jaa lile limefungwa na kupandwa miti, lakini taka hazikwenda mbinguni.

Sehemu yetu ofisini ni mandhari na mwonekano. Kanuni za tathmini ya mazingira za 2003 zimeligusa jambo hili kwa mistari michache kwenye jedwali la pili: mionekano inayofunguliwa au kuzibwa, athari kwa macho pamoja na kuondolewa kwa mimea, kupatana na mazingira jirani, na nafasi za burudani. Basi. Kanuni hazisemi upime vipi. Kwa hiyo tunaazima mwongozo wa Uingereza wa 2013, ule wa Landscape Institute na IEMA, vyama vya wataalamu wa mandhari na wa mazingira, na tunaukata ukae kwenye mwili wetu.

Jambo la kwanza tunalolichukua huko ni kutenganisha vitu viwili ambavyo wateja hupenda kuvikoroga. Athari kwa mandhari ni badiliko la ardhi yenyewe: kichaka kinachofyekwa, umbo la nchi linalogeuzwa, hata kama hakuna anayeangalia. Athari kwa mwonekano ni anachokiona mtu fulani, akiwa amesimama mahali fulani, kwa shughuli fulani. Mvuvi, mama anayechota maji kisimani, mtalii wa hotelini na dereva wa lori la taka hawaoni kitu kimoja hata wakitazama upande mmoja.

6 Februari

Mwenzangu wa ramani ametengeneza ramani ya kwanza ya mwonekano. Kompyuta inapewa umbo la ardhi, kimo cha lundo na kimo cha jicho la mtazamaji, tunatumia mita 1.6, kisha inapaka rangi kila mahali ambapo mstari wa macho haukatizwi. Ilipotoka, karibu yote ilikuwa nyekundu. Nchi ni tambarare, hakuna kilima cha kuficha kitu.

Mteja akiiona hivyo atapiga kelele, na atakuwa na haki kiasi. Ramani hii haijui mnazi wala nyumba. Tukitumia data za setilaiti zilizopimwa juu ya miti badala ya ardhini, nyekundu inapungua sana, ila kosa linahamia upande wa pili: kila kipande cha picha ni mita 30 kwa 30, na ndani yake shamba la minazi lenye mapengo linageuka kuwa ukuta mzito. Tumeamua kuziweka ramani zote mbili kwenye ripoti, moja ya hali mbaya kabisa na moja ya matumaini, na ukweli tuutafute kwa miguu.

Baharini hesabu ni nyepesi. Ardhi pale iko mita 20 juu ya bahari, ongeza lundo la mita 25, kilele ni mita 45. Aliyeketi ndani ya dau, jicho mita moja juu ya maji, kwa hesabu tupu ya mviringo wa dunia kilele hakizami nyuma ya upeo mpaka apite kilomita 27. Kuonekana kwa hesabu si kuonekana kwa jicho, ndiyo maana kesho kutwa tunapanda juu ya paa.

8 Februari

Paa la jengo moja la Upper Hill, asubuhi, hewa safi. Tumetazama mitambo ya upepo ya Ngong, umbali wa kama kilomita 20. Duara la mapanga yake lina kipenyo cha mita 52. Ukinyosha mkono na rula, sentimita 60 kutoka jichoni, mita 52 kwa umbali huo ni milimita moja na nusu. Kichwa cha kiberiti kinaifunika.

Na bado kila mtu pale juu aliiona bila kuoneshwa, hata askari wa jengo aliyekuja kuuliza tunatafuta nini. Imesimama juu ya mstari wa vilima, nyuma yake ni mbingu tupu, na inazunguka. Chini yake, kwenye mteremko, kuna majengo makubwa mara kadhaa ambayo hatukuyatambua mpaka tulipochukua darubini.

Nimeandika hivi kwenye daftari la kazi, na naona ndipo ripoti yote itakaposimamia: swali letu si lundo ni kubwa kiasi gani. Swali ni je, linakata mstari wa mbingu au linabaki chini yake.

19 Februari, kusini mwa Mombasa

Tumeshuka kwa treni. Ni mwezi wa kaskazi, joto kali, anga wazi. Mwongozo wa Uingereza unataka picha zipigwe wakati wa baridi, miti ikiwa uchi, ili hali mbaya kabisa ionekane. Kwetu baridi hiyo haipo. Minazi, mikorosho na miembe haipukutishi majani kwa pamoja. Inayobaki uchi sasa ni mibuyu na vichaka vya upande wa bara, kwa hiyo kwa wanaotazama kutokea magharibi hiki ndicho kipindi kibaya, na kwa wanaotazama kutokea pwani msimu haubadilishi kitu kikubwa. Tumeandika sababu hiyo wazi ili mkaguzi asije akatuuliza picha za Juni ziko wapi.

Tumepima minazi iliyo kati ya eneo la mradi na bahari, kama mita 200 mbele ya mahali selo itakapokaa. Mingi iko kati ya mita 17 na 20. Mizee. Baadhi imebaki nguzo tupu, kilele kimekufa. Yote ni ya wanakijiji, hakuna hata mnazi mmoja wa mteja. Nimeliwekea nyota jambo hili.

20 Februari

Baharini alfajiri na wavuvi wawili, upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe. Hapo ni kama kilomita 3 kutoka selo. Niliwauliza wanatazama nini wakiwa kazini. Yule mkubwa akacheka: "Mtu haoni samaki akitazama maji tu. Natazama bara." Wanapanga dau kwa kulinganisha alama za nchi kavu, mnara wa msikiti na mbuyu fulani, mnazi mrefu na paa la hoteli. Alama mbili zikikaa sawa, wako juu ya mahali pao.

Nikamwonesha kwa kidole lundo litakaa wapi na litapanda mpaka wapi. Akafikiri. "Basi tutapata alama mpya. Lakini ukimwambia mgeni hiyo alama ni nini, utaona haya."

Nimesoma ripoti nyingi ambazo huwaweka wavuvi kwenye daraja la "wafanyakazi, macho yao yako kwenye kazi", na hivyo wepesi wao wa kuathirika huandikwa mdogo. Mvuvi huyu kazi yake ni kuusoma mstari wa pwani siku nzima. Tumempandisha daraja.

Mwanga nao una lake. Asubuhi jua liko nyuma ya mvuvi na linamulika pwani yote, rangi zinaonekana. Jioni jua linazama upande wa bara, na chochote kilichosimama juu ya miti kinageuka kivuli cheusi, kiwe cha kijani au cha kahawia. Mteja tayari ameshatuandikia barua kuhusu rangi ya kijani.

21 Februari

Wazee wa kaya. Misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, na hata zile zisizo kwenye orodha hiyo zina wenyewe. Hii ya hapa ni ndogo. Tulivua viatu pale tulipoambiwa, kamera zikabaki garini.

Nilieleza kwamba mtu akiwa ndani ya msitu hawezi kuliona lundo, miti ni mizito. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, sisi hatuendi kaya kutazama nje. Wewe niambie magari yatapita wapi." Nilimwonesha barabara kwenye ramani. Inapita mita 150 kutoka mlango wa msitu. Ramani ya mwonekano inaonesha sifuri pale, na ni sifuri ya kweli. Kwenye sura ya mandhari, tofauti na sura ya mwonekano, tumeiandika athari hii kuwa kubwa, pamoja na pendekezo la kuhamisha barabara upande wa kaskazini. Mhandisi anasema itaongeza gharama. Itaongeza.

3 Machi, Nairobi

Picha. Mteja ametuma zake, zilizopigwa kwa simu na kwa droni, akiomba tuzitumie kwa fotomontaji, yaani picha halisi zinazopachikwa mchoro wa lundo, "kuokoa muda".

Za droni ni nzuri sana, na hazina kazi. Hakuna mwanakijiji anayeishi mita 80 hewani. Huo ni mtazamo wa mwewe. Za simu zina tatizo jingine. Kamera kuu ya simu huona upana mkubwa, karibu mara mbili ya lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya fremu kamili, ambayo hukamata kama nyuzi 40 kwa mlalo. Ukichapisha picha hizo mbili kwa ukubwa mmoja, lundo la simu ni kama nusu ya lundo la lenzi ya 50. Hakuna aliyedanganya, na bado msomaji amedanganyika. Tumerudisha zote mbili na kutuma zetu, zimechapishwa kwenye karatasi ya A3, na chini ya kila moja tumeandika ishikwe umbali gani kutoka jichoni.

Nukta ya baharini, pale tulipopigia picha kutoka kwenye dau, ndiyo iliyoamua mambo. Kwa lundo la mita 25, vilele vya minazi vinaficha sehemu kubwa, na mita 5 hivi zinabaki juu. Kwa umbali wa kilomita 3, mita 5 ni milimita moja kwenye mkono ulionyoshwa. Mhandisi alipoambiwa kwa simu alifurahi: "Milimita moja tu, dada!"

Ila sehemu ya juu ya lundo ni bapa na upana wake ni mita 130. Milimita moja kwenda juu, sentimita mbili na nusu kwenda kando, imenyooka kama ubao uliolazwa juu ya minazi iliyochongoka ovyo ovyo. Jicho linakwenda pale kwanza. Ni kisa kile kile cha Ngong.

7 Machi

Tumekwenda Dandora, kwa sababu hakuna michoro inayoonesha jinsi taka zinavyoishi. Jaa lile limekuwapo tangu miaka ya 1970, lilitangazwa limejaa mwaka 2001, na malori bado yanaingia.

Tulisimama mbali, ng'ambo ya mto. Kilichoonekana kwanza si lundo. Ni ndege: korongo wale wakubwa wenye upara, wakizunguka juu kwa mamia. Halafu moshi. Halafu matrekta yakitembea juu kabisa, rangi ya manjano dhidi ya mbingu. Lundo lenyewe, ukiondoa hivyo, lingepita kwa kilima kibaya.

Dandora ni jaa la wazi na lile la pwani litafunikwa udongo kila siku, sitaki kuzilinganisha kwa uonevu. Lakini pwani kuna kunguru wa India tele, na trekta litafanya kazi juu ya kilele kwa miaka yote ya kujaza. Fotomontaji inayoonesha kilima kilichopandwa nyasi, kimya, bila gari wala ndege, inaonesha siku ya mazishi peke yake. Tumeongeza hatua tatu: mwaka wa kwanza, katikati ya kujaza, na mwaka wa mwisho kabla ya kufunikwa. Ya katikati ndiyo mbaya kuliko zote.

Usiku tumeupitia haraka. Taa ziwe fupi, zitazame chini, zizimwe kazi ikiisha. Suala la taa na vifaranga vya kasa liko mikononi mwa wenzetu wa viumbe vya baharini.

14 Machi

Mkutano na mteja. Walikuja na jibu mkononi: mivinje. Pande zote nne, mistari mitatu, na paa la banda la kijani kibichi.

Mvinje nauheshimu. Kule Bamburi, tangu 1971, machimbo ya kiwanda cha saruji yaliyokuwa mwamba mtupu yalianza kugeuzwa msitu kwa mivinje, chini ya uongozi wa Rene Haller, na leo watu wanalipa kiingilio. Unastahimili chumvi na unakua upesi. Lakini lazima ujue unamfichia nani.

Nilichora ubaoni. Mtu amesimama kwenye njia ya kijiji, miti iko mita 30 mbele yake, kilele cha lundo mita 400. Mti wa mita 3 na nusu unatosha kumficha lundo lote. Hiyo ni kazi ya miaka michache. Sasa mvuvi aliye kilomita 3 nje, miti iko mita 100 mbele ya lundo. Mstari wa macho yake unakaribia kulala, kwa hiyo mti unatakiwa uzidi mita 23, karibu kimo cha lundo lenyewe. Na ukifika huko umemjengea ukuta mweusi ulionyooka juu ya minazi, yaani ubao ule ule kwa rangi nyingine.

Kwa hiyo mivinje ndiyo, kando ya njia na karibu na nyumba. Kwa bahari, hapana.

Rangi nayo tumeikataa. Kijani kibichi cha mabati hakifanani na jani lolote la pwani. Kahawia iliyofifia au kijivu, isiyong'aa, inapotea vizuri zaidi kwenye kivuli cha miti. Mabati mapya yasiyopakwa kitu ndiyo mabaya kuliko yote. Yanamulika mpaka baharini.

Mhandisi akauliza, kwa haki, "Sasa mnataka tufanye nini?"

Mshushe lundo.

17 Machi

Waliposikia "mshushe" walisikia "mpunguze taka". Si lazima. Tumepiga hesabu upya kwa ujazo ule ule, karibu mita za ujazo milioni 1.1, na miteremko ile ile. Lundo la mita 18 badala ya 25 linahitaji kitako cha mita 299 kwa 299. Eneo linapanda kutoka hekta 7.8 hadi 8.9. Hekta moja na ushei.

Kwa mita 18, kutoka kwenye nukta ya dau, kilele kinakaa chini ya vilele vya minazi. Hakuna ubao. Trekta litachungulia mwishoni mwa kujaza, kisha basi.

Mhandisi alijaribu njia nyingine: taka huoza na kushuka, ngoja miaka kumi baada ya kufunga na lundo la 25 litapungua lenyewe. Ni kweli hushuka. Lakini wanaojaza selo wanalijua hilo, na huliwahi kwa kuongeza taka juu kabla ya kufunika. Nikamwomba aniandikie kwamba hawataongeza. Hajaandika.

Hekta ile ya ziada ina gharama yake na siifichi. Ikienda mashariki italiwa kutoka kwenye kichaka kinachosaidia kuficha. Ikienda magharibi itagusa mikorosho ya familia mbili, ambao wenzetu wa jamii ndio wanaozungumza nao. Pendekezo letu ni magharibi, kwa masharti ya wenye mikorosho, si yetu.

2 Aprili

Mteja amekubali mita 18 kwenye michoro ya rasimu. Barabara ya kaya bado inabishaniwa.

Iliyobaki ngumu ni ile niliyoiwekea nyota. Hesabu yote ya bahari imeegemea minazi ambayo mteja haimiliki. Mwenye shamba akiuza, au akikata mbao za kuezekea, pazia linaondoka na lundo la mita 18 linasimama wazi. Mwanasheria wa mteja anapendekeza sentensi isemayo kwamba "uoto uliopo unatarajiwa kuendelea kuwepo". Tumeifuta. Tumeandika badala yake matokeo mawili, minazi ikiwepo na isipokuwepo, na sharti kwamba mteja aingie makubaliano ya malipo na wenye mashamba ya ukanda ule, pamoja na kupanda miche ya minazi mirefu chini ya ile mizee kuanzia mwaka wa kwanza wa ujenzi, kwa kuwa mnazi hauna haraka ya mvinje.

Mwanasheria amejibu kuwa hilo ni jambo la ardhi, haliingii kwenye ripoti ya mandhari. Nimemtumia fotomontaji ile moja mara mbili, na minazi na bila minazi, nikamwomba achague ipi aitie saini yake.

9 Aprili

Makubaliano ya minazi yameingia kwenye orodha ya masharti, kwa maneno yao lakini maana ni yetu. Mikutano ya hadhara inaanza mvua ikipungua. Picha zitapelekwa zikiwa zimechapishwa kwa ukubwa wake, si kwenye projekta, ili kila mtu azishike mwenyewe kwa umbali ulioandikwa. Kusi imeshaanza kuvuma na dau halitoki, kwa hiyo nukta ya pili ya baharini tutaipiga bahari ikitulia. Barabara ya kaya: mhandisi analeta makadirio ya njia ya kaskazini Jumatatu.